Kumfunda mtoto akiwa tumboni: Wachina walianza zamani sana, na aliyebanwa ni mama

Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Siku hizi ukizurura mtandaoni hukosi kukutana na vispika vya kufunga tumboni, orodha za muziki wa Mozart kwa wajawazito, na "kozi" za kumfundisha mtoto Kiingereza kabla hajazaliwa. Wauzaji wanasema ni sayansi mpya. Upya gani? Wachina wana maandishi ya zaidi ya miaka 2,000 kuhusu jambo hilohilo, nao waliliita taijiao, mafunzo ya mimba. Nimezisoma habari hizi muda mrefu, na kila nikirudi kwenye maandishi hayo naona kitu kimoja: kinachotajwa ni elimu ya mtoto, ila masharti yote yanamwangukia mama. Nizimwage hapa, mtanikosoa.

Nianze na kisa maarufu kuliko vyote.

Tai Ren ni mama wa Mfalme Wen, baba wa yule Mfalme Wu aliyeing'oa nasaba ya Shang karne ya 11 KK na kuusimika ukoo wa Zhou. Karibu miaka 1,000 baadaye, karne ya 1 KK, msomi wa enzi ya nasaba ya Han aitwaye Liu Xiang akaandika kitabu cha maisha ya wanawake wa kupigiwa mfano. Humo anasema Tai Ren alipokuwa mjamzito macho yake hayakutazama kiovu, masikio yake hayakusikiliza muziki wa kihuni, na kinywa chake hakikutoa kauli ya kiburi. Kisha akaenda kujisaidia kwenye banda la nguruwe, akajifungulia hukohuko. Naam, bandani. Choo na zizi vilikaa pamoja enzi hizo, na mwandishi anakitaja kisa hicho kama mtu anayesema leo "alijifungua salama salmini".

Liu Xiang anaendelea kwamba wanawake wa zamani wakiwa na mimba hawakulala kiubavu, hawakukaa upande upande, hawakusimama kwa mguu mmoja. Nyama ikikatwa mshazari, hawali. Mkeka ukitandikwa kombo, hawaukalii. Usiku wanaletewa wanamuziki vipofu wawaghanie mashairi na kuwasimulia mambo ya uadilifu. Ukifanya hayo, asema, mtoto anazaliwa na umbo zuri na akili ya kuwapita wengine.

Sasa tazameni hili, ndilo linalonichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Jia Yi, mwanazuoni aliyezaliwa mwaka 200 KK na kufa 168 KK, ana sura nzima juu ya mafunzo ya mimba. Anaeleza kwamba malkia akifikisha miezi 7 anahamishiwa chumba maalumu. Upande wa kushoto wa mlango anasimama mkuu wa muziki na filimbi yake ya kupimia sauti. Kulia anasimama mpishi mkuu, ameshika upawa. Malkia akiomba wimbo usioendana na adabu za ikulu, mkuu wa muziki anashika zeze lake na kujibu kwamba huo hajajifunza. Akiomba chakula kisicho katika utaratibu, mpishi anaegemea upawa wake na kusema hathubutu kumpa kitu kama hicho mrithi wa mfalme.

Yaani mwanamke ana miezi 7, katamani kitu chenye ukali ukali, na mpishi anamjibu kwa niaba ya mtoto ambaye bado hajaonekana!

Naweka sehemu ya pili, msikimbie.

Kibatari (mleta uzi)

SEHEMU YA PILI. Haya ya ikulu yameandikwa na watu wa maadili, ambao shida yao ni kiti cha enzi. Lakini tunayo sauti nyingine, ya waganga.

Mwishoni mwa 1973 huko Mawangdui, katika mji wa Changsha, jimbo la Hunan, wachimbuaji walifungua kaburi namba 3. Aliyezikwa humo ni mtoto wa mtawala wa Dai, na mama yake ndiye yule bibi wa kaburi namba 1 ambaye mwili wake ulikutwa mwaka uliotangulia nyama ikiwa bado laini. Kaburi la mtoto lilifungwa mwaka 168 KK. Ndani yake mlikuwa na sanduku la maandishi juu ya hariri, mengine ya tiba, na mojawapo ni kitabu cha mimba na uzazi, Taichan shu.

Jia Yi alikufa mwaka huohuo wa 168 KK, na kabla yake alikuwa mwalimu wa mfalme mdogo wa Changsha. Mji uleule. Mwanamaadili na vitabu vya waganga walikuwa jirani kabisa, na tazama walivyotofautiana.

Kitabu cha hariri kinakwenda mwezi kwa mwezi. Mwezi wa 1 mimba ni kitu kinachotiririka tu. Mama apewe chakula bora, mchuzi wa uchachu uive sawasawa, aepuke vikali na vyenye shombo. Mwezi wa 2 inaanza kuganda kama mafuta. Mama akae mahali patulivu. Mwezi wa 4 inapokea maji, damu inajengeka. Ale wali, ngano na mkunga wa matopeni. Mwezi wa 5 inapokea moto. Aamke kwa kuchelewa, avae nguo nzito, asipigwe na baridi, apate mwanga wa asubuhi, ale mchuzi wa ng'ombe na kondoo. Mwezi wa 6 inapokea chuma na mishipa inakazana. Atoke nje akatazame mbwa na farasi wakikimbia. Wa 7 ni mti na mifupa, wa 8 udongo na ngozi, wa 9 jiwe na nywele.

Nimeruka mwezi wa 3 kwa makusudi. Hapo mtoto bado hana umbo maalumu, kwa hiyo anageuka kufuata anachokiona mama. Basi mama atazame wakubwa na mabwana, asitazame mbilikimo wala nyani, asile tangawizi, asile mchuzi wa sungura. Anataka wa kiume? Ashike upinde na mshale, atazame chui milia dume, apande farasi dume. Wa kike? Avae hereni na shanga za lulu.

Nawasilisha kwa sasa. Tiririkeni.

Pangaboi

Mkuu, uzi mtamu, ila tusizungushane. Hii ni imani potofu iliyovaa hariri. Mama anaona nyani, mtoto anatoka nyani? Basi wanaoishi kando ya hifadhi wangekuwa na shule nzima ya tumbili. Halafu huyo Wen alikuwa mfalme kwa sababu baba yake alikuwa mtawala, si kwa sababu mama yake alikaa kwenye mkeka ulionyooka.

Kibatari (mleta uzi)

@Pangaboi hilo la ukoo nakuunga mkono mia kwa mia. Liu Xiang aliandika kuhusu mwanamke aliyekufa miaka 1,000 kabla yake. Alikuwa anawahutubia wanawake wa ikulu ya siku zake, na Tai Ren ni mfano tu.

Lakini usiwacheke Wachina peke yao. Soranus, tabibu mzaliwa wa Efeso aliyefanya kazi Roma mwanzoni mwa karne ya 2 BK, ni mtu makini, hapendi uchawi wala hirizi. Naye anaandika kwamba kuna wanawake waliotazama nyani wakati wa tendo la ndoa wakazaa watoto wanaofanana na nyani. Anataja pia mtawala mmoja wa kisiwa cha Kipro, mwenye sura mbaya, aliyemlazimisha mkewe kutazama sanamu nzuri wakati wanakutana, akapata watoto wazuri. Nyani Changsha, nyani Roma, na hawa watu hawakuwahi kusomana.

Wanaosoma Biblia wafungue Mwanzo 30, Yakobo anabandua maganda ya fito na kuziweka mbele ya wanyama kwenye mabirika ya maji, wanazaa wenye milia na madoa. Wazo lilelile, ila kwa mbuzi.

Na jambo la sungura: Wang Chong, mwandishi wa karne ya 1 BK ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kubomoa imani za watu wa wakati wake, pepo, ndege wa bahati, kila kitu, hata yeye anaandika bila wasiwasi kwamba mjamzito akila sungura mtoto huzaliwa na mdomo sungura. Mbishi mkubwa wa zama zake, hapo akapita tu.

Mke wa Fundi

Samahani wakubwa, mimi ni msomaji tu siku zote, leo nimeshindwa kukaa kimya. Nina mimba ya kwanza, mwezi wa 5. Mama mkwe kanikataza mayai, eti mtoto atazaliwa kipara. Jirani kaniambia nisimchukie shemeji yangu, mtoto atafanana naye chapa (na nimeshamchukia, kwa hiyo sijui). Kibaya zaidi natamani udongo usiku na mchana, ule wa pemba wa sokoni, nikisikia tu mvua imeanza mate yananijaa. Hawa watu wa kale walisema nini kuhusu udongo?

Mama Tatu

@Mke wa Fundi pole mdogo wangu na hongera. Mayai nilikatazwa kwa wote watatu, nikala kwa siri jikoni. Wote wana nywele, wa mwisho anazo mpaka kinyozi analalamika. Shemeji mchukie tu kwa nafasi.

Sista wa Leba

Nimekuja, na nitaandika kwa urefu kidogo maana haya ndiyo ninayokutana nayo kliniki kila siku.

Mayai: kula. Ni protini ya bei nafuu kuliko nyama na mjamzito anaihitaji. Kipara cha mtoto mchanga hakihusiani na yai.

Udongo: usile mdogo wangu. Hamu ya udongo mara nyingi inakuja pamoja na upungufu wa damu, kwa hiyo omba upimwe wingi wa damu na umeze vidonge vya kuongeza damu bila kuruka. Udongo wenyewe unaweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo, na unazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Mtu anakula udongo kwa sababu damu imepungua, na udongo unaipunguza zaidi.

Kulala kiubavu: hapa ikulu ya China ilichemka. Sisi tunawaambia kina mama hasa kuanzia wiki ya 28 walale kiubavu, maana mama akilala chali, uzito wa tumbo unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Sasa masikio. @Pangaboi usifute kila kitu. Mtoto anaanza kuitikia sauti katika nusu ya pili ya mimba, na miezi mitatu ya mwisho anasikia vizuri tu, ingawa kupitia maji na nyama. Anayemsikia zaidi ni mama yake. Mwaka 1980 watafiti DeCasper na Fifer walionyesha kwamba kichanga cha siku chache ananyonya chuchu ya bandia kwa mpangilio fulani ili asikie sauti ya mama yake badala ya mwanamke mwingine. Mwaka 1986 DeCasper na Spence wakawaomba wajawazito wasome hadithi moja kwa sauti kila siku katika wiki 6 hivi za mwisho. Watoto walipozaliwa waliipendelea hadithi ile kuliko nyingine ambayo hawakuwahi kuisikia. Kwa hiyo wale vipofu waliokuwa wanaghani mashairi usiku, mtoto huenda kweli alizoea mapigo yao. Uadilifu hakuuelewa, tusidanganyane.

Ladha nayo inapita. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake kule Philadelphia waliwapa wajawazito juisi ya karoti. Watoto wao walipoanza uji waliipokea ladha ya karoti vizuri zaidi kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji.

Ila vispika vya kufunga tumboni hapana. Utafiti wa Mozart unaotajwa tajwa ni wa 1993, ulifanyiwa wanafunzi wa chuo kikuu, si mimba, na matokeo yake yalidumu kama robo saa. Biashara ndiyo iliyouhamishia tumboni.

Kibatari (mleta uzi)

Sista, ubarikiwe. Nimjibu @Mke wa Fundi kuhusu udongo, maana Soranus kaugusa kabisa.

Anasema katika wiki za mwanzo, kuanzia kama siku ya 40, mjamzito anapatwa na kichefuchefu, anatapika, na anatamani vitu visivyo vya kawaida: udongo, makaa, vikonyo vya mzabibu, matunda mabichi makali. Miaka 1,900 iliyopita hiyo! Ushauri wake ni kumwambia mama kwa upole kwamba vitu hivyo vinalidhuru tumbo lake na kumdhuru mtoto, lakini kama anateseka sana, siku za kwanza asipewe, baadaye apewe kidogo. Hakumtukana, hakumwita mlafi.

Na pale shangazi zenu wanapowaambia "kula, unakula kwa ajili ya watu wawili", Soranus alishalisikia hilo Roma. Aliwaambia watu wasiusikilize msemo huo.

Wahindi wao walichukua njia nyingine. Katika mkusanyo wa tiba wa Sushruta, mwezi wa 4 moyo wa mtoto unaanza kufanya kazi, kwa hiyo mama anakuwa na mioyo miwili, na anachotamani ni mtoto anayetamani. Asiponyimwa, mtoto anakuwa na afya. Akinyimwa, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro. Mnaona tofauti? Malkia wa Jia Yi akiomba, mpishi anaegemea upawa. Mama wa Kihindi akiomba, nyumba nzima inatafuta. Kama ningelazimika kubeba mimba enzi zile ningejua pa kwenda.

Hukohuko Bara Hindi kuna masimulizi ya shujaa Abhimanyu, kwamba akiwa tumboni alimsikia baba yake Arjuna akimweleza mama jinsi ya kuvunja safu ya vita iliyopangwa kama gurudumu. Mama akapitiwa na usingizi kabla ya sehemu ya kutokea. Kijana alipokua aliingia kwenye safu ile, akashindwa kutoka, akauawa.

Mama Tatu

Yaani usingizi wa mama mjamzito ndio uliomuua mtoto vitani? Hata kusinzia ni kosa letu.

Kibatari (mleta uzi)

@Mama Tatu hapo ndipo ninapotaka tufike, umenitangulia.

Ustadh Mwambao

Assalaam alaykum. Nchangie kidogo kwa upande wetu. Qur'ani inaeleza hatua za mimba katika Suratul Muuminun aya ya 12 hadi 14, tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, kisha mifupa ikavikwa nyama. Katika Suratul Ahqaf aya ya 15 inatajwa kwamba mama alimbeba kwa tabu na akamzaa kwa tabu, na hilo limetajwa kama sababu ya mtoto kuwatendea wema wazazi. Hapo anayekumbushwa deni ni mtoto.

Na kisa cha bibi Maryam katika sura yake, aya ya 23 na kuendelea. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, akatamani angekuwa amekufa kabla ya hayo. Sauti ikamjia: usihuzunike. Kisha akaonyeshwa kijito cha maji, akaambiwa atikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, atulize jicho lake. Angalieni mpangilio, kwanza kaliwazwa, kisha maji, kisha chakula. Hakuna aliyemuuliza amekaaje.

Pangaboi

Ustadh umetulia. Na mimi nitoe la Biblia kabla sijaonekana napinga tu: Waamuzi 13, malaika anamwambia mama yake Samsoni asinywe divai wala kileo. Hilo lina mantiki.

Sista wa Leba

@Pangaboi lina mantiki kubwa. Madaktari walichelewa mno kulikubali. Lemoine aliandika kuhusu watoto wa mama walevi huko Nantes mwaka 1968 bila kusikilizwa sana, kisha Jones na Smith wa Seattle wakaupa ugonjwa huo jina mwaka 1973. Kabla ya hapo kuna madaktari waliokuwa wanawatundikia wajawazito dripu ya pombe kuzuia uchungu wa mapema. Sitanii.

Mzee wa Mezani

Nimesoma mpaka hapa. Swali langu kwa mleta uzi ni rahisi. Malkia ana mpishi na mpiga zeze. Mke wa mtoto wa mtawala ana hariri na mchuzi wa kondoo. Mwanamke aliyekuwa analima mpunga kwenye matope hadi siku ya uchungu, nani alimwandikia?

Kibatari (mleta uzi)

Hakuna, mzee wangu. Maandishi yote hayo yametoka ikulu au kaburini kwa mabwana. "Aamke kwa kuchelewa" ni agizo la nyumba yenye watumishi.

Na Wagiriki ni hivyohivyo. Plato, katika kitabu chake cha mwisho juu ya sheria, anataka wajawazito watembee sana kwa sababu mtoto tumboni anafaidika kwa kutikiswa. Mfano aliotumia ni wanaume wa Athene waliofuga ndege wa kupiganisha, wanawabana kwapani na kutembea nao mwendo mrefu ili ndege wapate nguvu. Mjamzito amefananishwa na kwapa la mcheza kamari, haya.

Aristotle katika kitabu cha 7 cha Siasa anasema mtunga sheria awaagize wajawazito watembee kila siku kwenda kuwaabudu miungu wanaosimamia uzazi. Mwili ufanye mazoezi, lakini akili ipumzike, kwa kuwa mtoto anafyonza kutoka kwa mama kama mmea kutoka ardhini. Ni ushauri mzuri na umepangwa vizuri, mazoezi bila amri kali, kwa njia ya ibada. Sasa shuka mistari michache tu katika sura ileile: anataka iwepo sheria kwamba mtoto aliyezaliwa na ulemavu asilelewe. Ukishayasoma yote mawili pamoja unajua matembezi yale yalikuwa kwa faida ya nani. Dola ilihitaji raia na askari, na mama alikuwa shamba lake.

Ndiyo maana nimesema sauti za waganga na za wanamaadili tusizichanganye. Soranus anamtazama mwanamke aliye mbele yake, anatapika au hatapiki, amelala au hakulala. Hariri ya Mawangdui, pamoja na chui wake dume, walau inahangaika na baridi, usingizi na mchuzi wa mama. Jia Yi anahangaika na mrithi. Na mtoto akitoka mtukutu, Liu Xiang ameshaandaa mshitakiwa.

Mama Tatu

Kuna kitu nataka kujua. Kwetu kondo la nyuma linazikwa, bibi yangu hakuruhusu mtu yeyote alione isipokuwa mkunga. Hao wa hariri walifanya nini nalo?

Kibatari (mleta uzi)

Walizika, tena kwa ramani! Katika hariri ileile ya Mawangdui kuna mchoro wa mielekeo kwa kila mwezi wa mwaka, unaangalia mtoto kazaliwa mwezi gani unajua uzike upande upi ili aishi maisha marefu. Maelekezo yanasema lisafishwe vizuri, liwekwe kwenye chungu, lifunikwe wadudu wasiingie, liwekwe mahali penye jua. Bibi yako na yule mganga wangeelewana bila mkalimani.

Mzee wa Mezani

Sawa. Na baba yuko wapi katika haya yote? Naona anajitokeza kwenye ndege wa kwapani tu.

Kibatari (mleta uzi)

Mzee, swali hilo lilijibiwa vizuri na mwanamke, ila tunatoka zama za kale kidogo. Korea waliyachukua mafunzo haya kutoka China, wanayaita taegyo. Mwaka 1800 Yi Sajudang, aliyezaliwa 1739, aliyesoma vitabu vya Kikonfusio (mafundisho ya Konfusio, mwanafalsafa wa China) sawa na wasomi wa kiume na kuzaa watoto wanne, aliandika kitabu kizima juu yake, Taegyo singi. Mwanawe Yu Hui akakigawa sura na kukiwekea maelezo. Baada ya karne zote hizo za wanaume kuandika juu ya tumbo, hatimaye akaandika mwenye tumbo.

Hajawa mpole kwa mama, tusimpambe. Masharti ya kutazama, kukaa na kula yamo. Lakini anasema mafunzo ya mwalimu kwa miaka 10 hayafikii miezi 10 ya mama, na miezi 10 ya mama haifikii siku moja ya baba anapomtunga mtoto. Kwa hiyo baba naye ana adabu zake, kabla hata mimba haijaingia.

Halafu anasema kazi ya kuitunza mimba si ya mama peke yake, watu wote wa nyumba wawe macho. Wasimletee mjamzito habari za kukasirisha asije akapandwa na hasira, wala habari za shari asije akaogopa, wala za mambo magumu asije akahuzunika, wala za ghafla asije akashtuka. Mlinzi mlangoni bado yupo, ila safari hii anawazuia wanaoingia na maneno yao.

Sista wa Leba

Hili la mwisho nalitaka kliniki. Waume wakija nao siku ya kwanza tunawapima na kuwapa elimu, lakini wengi wanakaa nje wakichezea simu. Mama anayepigiwa kelele nyumbani hata umpe vidonge vyote vya foliki, presha haishuki.

Mke wa Fundi

Asanteni sana wote. Nimekula mayai mawili leo, mama mkwe alikuwa msibani. Kesho kutwa naenda kupima damu. Udongo nimemgawia shoga yangu ambaye hana mimba, akasema mtamu.

Nimemsomea mume wangu pale pa Korea kuhusu kutonishtua na habari za ghafla. Kaniuliza kama Yanga wakifungwa aniambie au asiniambie.

Pangaboi

Asikwambie. Akae nayo mpaka ujifungue.

Mama Tatu

Wewe ni wa Simba @Pangaboi, tunakujua. Dada, mwambie akuambie matokeo baada ya kuosha vyombo.